Fundi Bawaba na Goti Lisilotaka Grisi

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliotembea hadi hapa asubuhi hii, neno kutembea tukilitumia kwa makusudi, familia inawaomba mkae vizuri, maana marehemu hakupenda kuona watu wamesimama bila sababu, mkamsikilize mtoto wa mdogo wake akiwasomea maisha ya mama yake mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bawaba.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi saa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na mama yake, mshonaji wa sare za shule, alisimulia mpaka uzeeni kwamba binti huyo alianza kufungua vitu kabla hajaanza kuongea vizuri, na kwamba kuvirudisha alijifunza baadaye sana. Jina la Bawaba alilipata akiwa na miaka tisa, kwa sababu alizunguka nyumba za majirani na kikopo cha mafuta ya cherehani akinyamazisha milango iliyokuwa ikilia, tena bila kuombwa, hata wawili watatu waliopenda kusikia nani anaingia kwao wakaja kumshtaki kwa baba yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha Januari 1979 akaingia chuo cha ufundi kusomea uchongaji wa vyuma, msichana peke yake kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, ambako wiki ya kwanza alipewa ufagio na wiki ya sita akapewa mashine, na alipohitimu Novemba 1981 akiwa wa kwanza darasani, wale arobaini wakaanza kusema kwamba walikuwa wanamsaidia. Hakubishana nao, aliwacheka tu.

Tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa katika karakana ya kiwanda cha maziwa, chini ya mkuu wa karakana ambaye kila mtu alimwita Bosi, mtu mpole, asiyeachana na kopo lake la grisi, aliyemfundisha kwamba kiungo kikavu ni aibu ya fundi. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na dereva wa lori la maziwa, ambaye kwa miezi minane alikuwa akilileta lori karakana kila Jumatatu likiwa zima kabisa, mpaka Bosi akamwambia aseme shida yake au aache kupoteza dizeli, na ndoa hiyo ikajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1987 na kijana mwaka 1990.

Septemba 1994 mdogo wake wa kike aligongwa na gari, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti, akapewa mguu wa bandia wenye goti la chuma la bawaba moja, goti ambalo kwenye sakafu sawa lilikuwa na adabu, lakini kwenye kushuka lilikunjika lilipotaka lenyewe. Tarehe 21 Agosti 1999, akishuka ngazi za ghorofa ya tatu alikokuwa akiishi, amembeba mwanawe wa miezi saba, goti lilimwachia, wakaporomoka ngazi kumi na moja, mama akavunjika kifundo cha mkono na mtoto akavunjika mkono, na mtoto huyo ndiye anayewasomea historia hii. Mifupa iliunga, ila tangu siku hiyo mama yule hakuthubutu kushuka ngazi na mwanawe, alikaa juu mpaka aje mtu wa kumteremshia, na marehemu aliposikia hivyo alilia mbele yetu, kisha akalichukua lile goti la chuma, akalifungua juu ya meza ya chakula, akasema kazi yake sasa ni hiyo.

Jibu alilipata kazini, mwaka 2000, kiwanda kilipoleta mashine mpya ya kufungasha maziwa, ambayo kwa kuwa grisi haitakiwi karibu na chakula, viungo vyake vilizunguka kwenye bushi, yaani pete za plastiki ngumu, kavu kabisa, bila kutu na bila kelele, akakaa mbele yake mapumziko yote ya mchana, chai ikapoa. Akachora goti la aina yake, lenye mikono minne mifupi inayozunguka kwenye bushi kama zile badala ya bawaba moja, ambalo mtu akilitupia uzito linajifunga na akiinua mguu linakunjika, jepesi kuliko lile la chuma kwa nusu, na mwaka 2002 akalifunga pale karakana kwenye mashine ya kulikunja mara moja kila sekunde, saa nane kwa siku, kwa sababu wajumbe wa hospitali walitaka mikunjo milioni tatu kabla ya kulifunga kwa binadamu.

Siku ya kumi na moja, kwenye mkunjo wa laki tatu na elfu kumi na mbili, goti liliganda, wajumbe wakaandika kwamba plastiki haifai, na marehemu, ambaye hatukuwahi kumwona akifa moyo, alilifungia kabatini miezi minne na hakutaka litajwe. Siku alipolifungua alikuta bushi zote nne zimezama kwenye tope jeusi la grisi iliyonasa unga wa chuma wa karakana, akaliweka mbele ya Bosi, na mzee yule akakiri kwamba kila asubuhi alipopita alilipaka kidogo, kwa mapenzi, miaka arobaini ya ufundi ikimsukuma mkono.

“Nililiona kavu, mwanangu, nikalionea huruma,” alisema.

“Basi safari hii lionee huruma kwa kuliacha, Bosi,” marehemu akamjibu, wakacheka mpaka machozi, na jaribio la pili Bosi mwenyewe ndiye aliyelilinda, siku mia moja na tano za kazi, akimfukuza kila mwenye kopo, mpaka kaunta ya kuhesabu mikunjo ikapita milioni tatu na goti likiwa bado laini.

Tarehe 9 Juni 2003 mdogo wake alilivaa, akambeba mwanawe wa miaka minne, ambaye tayari alikuwa mzito, akashuka ngazi zilezile mara tatu mfululizo huku majirani wakipiga vigelegele. Mwaka 2009 marehemu aliacha kiwanda akafungua karakana ya miguu hospitalini, mwaka 2016, akiwa na miaka hamsini na mitano, akajifunza kwa binti yake kutumia mashine inayochapa vipuri vya plastiki tabaka kwa tabaka, na mpaka anatutoka, magoti elfu kumi na moja na mia nne yalikuwa yametoka mikononi mwake na mwa wanafunzi wake.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 2022, akalazwa mara tatu, na mara zote tatu akatengeneza magurudumu ya kitanda chake, hadi tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na miaka sitini na miwili, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kufagia, wafanyakazi wa kiwanda na wa karakana, na Bosi, mwenye miaka themanini na tisa, aliyekuja leo mikono mitupu, bila kopo lake. Tuliambiwa kwamba kaburi liko chini ya mteremko mkali na kwamba gari lingefaa zaidi, lakini wabebaji sita, wote wanaotembea kwa goti lake, mdogo wake akiwa mbele kulia, walikataa, na jana walishuka mteremko huo mara nne wakiwa na jeneza lililojazwa mifuko ya mchanga, kama yeye angetaka lijaribiwe, bila hata mmoja kuyumba.

Mama mkubwa, pumzika kwa amani, tutakushusha taratibu, wala hatutakuangusha.