Mtaa wa Sinema Isiyokuwepo

Kona yetu ya Shubra ina benchi moja, mguu wake mmoja ni tofali, na hapo ndipo Kairo nzima inapoongozwa bila mshahara. Mgeni akitaka kujua ale wapi maharage au ashuke metro kituo gani, aje kwetu, majibu hayajawahi kutuishia. Jioni hiyo tulikuwa wanne: Metwalli mpiga pasi, Dira, aliyeendesha basi dogo mpaka macho yakamsaliti, Pasha, mwenye jina la bwana mkubwa lakini hana hata tuta la vitunguu, na mimi. Kahawa ya Metwalli ilikuwa inapoa. Watu wa Aswani walikuwa njiani kuja kumposa binti yake, Nagwa, na walikuwa wamepotea. Posa yake ya kwanza ilivunjika, na majirani zetu hawana simile. Sasa bibi yake Rifai, mchumba mwenyewe, ameapa: jua likizama kabla hawajafika, ukoo mzima unarudi kupanda treni. Jua lenyewe lilikuwa limebakia kwenye nguo zilizoanikwa roshani za juu. Simu ya Metwalli ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

RIFAI (simuni): Baba, kila tunayemuuliza anatuambia nyoosha tu.

DIRA: Hapo ndipo mlipopotelea! Mtu wa Kairo akikwambia nyoosha tu, ujue hajui.

RIFAI: Mwingine ametushika mkono, anasema twende atupeleke.

DIRA: Huyo anaijua njia moja tu, ya dukani kwa shemeji yake. Mkimbieni!

PASHA: Na mkivuka barabara, kijana, msimtazame dereva. Ukimtazama, anajua umemwona, basi hapunguzi mwendo. Vukeni mmeangalia mbinguni. Mwenda pole hajikwai.

MIMI: Anagongwa, lakini hajikwai.

METWALLI: Jamani! Mtoto amevaa gauni tangu mchana, hataki kuketi lisije likajikunja. Nimelipiga pasi mwenyewe. Nisaidieni!

Nilimwonea huruma, nikaona nitoe hekima yangu.

MIMI: Rifai, tafuta mtu wa baiskeli aliyebeba chano cha mikate kichwani. Mfuate. Yule hapotei kamwe.

RIFAI: Anakwenda Shubra?

MIMI: Anakwenda kwenye njaa. Na sisi tuna njaa.

PASHA: Acha utoto. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Au hawakusema? Basi, kijana, mtafute mwongo mkubwa kuliko wote hapo mlipo, umuulize. Mtafika sasa hivi!

DIRA: Ndiyo maana wewe kila siku unawahi benchi.

Metwalli akainyakua simu mezani.

METWALLI: Mwanangu, usiwasikilize hawa. Ulizia Mtaa wa Sinema.

RIFAI: Tumeulizia, baba. Tumeshaonyeshwa sinema tatu.

DIRA: Zote sizo. Yetu ilibomolewa zamani.

RIFAI: Sasa tutaionaje?

PASHA: Mtaiona pale ambapo haipo!

Ukasikika simuni mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo. Halafu sauti ya Rifai ikarudi, ndogo.

RIFAI: Baba, bibi ameshuka garini. Amekasirika. Ameshika njia kwa miguu, hataki kusikia la mtu.

Metwalli akaiweka simu chini taratibu. Hata Pasha alikosa methali, na hilo lilinitisha zaidi ya yote.

Ndipo alipotokea mama mmoja kwenye kona, gauni jeusi mpaka chini, kikapu cha mikate ya jua kichwani, ile wanayoiumua juani watu wa kusini, upande wa Aswani. Akatukagua mmoja mmoja.

BIBI: Salaam aleikum, wanaume. Huu mtaa unaitwaje?

PASHA: Mtaa wa Sinema, mama!

DIRA: Mtaa wa Tramu.

MIMI: Kwa Tolba, mwoka mikate.

BIBI: Sinema iko wapi?

Pasha akainamia kikombe chake.

BIBI: Tramu?

Dira akaanza kuchunguza kucha zake.

BIBI: Na huyo Tolba?

MIMI: Alifariki, Mungu amrehemu.

BIBI: Nimeuliza jina la mtaa.

Pasha akamfinya Metwalli ubavuni, akamnong'oneza: «Ndiye huyo! Sema lolote!» Metwalli akasimama. Alijua kabisa anasimama mbele ya nani.

METWALLI: Sijui, mama. Nimezaliwa hapa, mvi zimeniota hapa, na jina lake silijui. Nimewapoteza wageni wangu kwa ujinga wangu mwenyewe.

Tukafumba macho. Tulijua posa imekwenda na maji.

BIBI: Wewe ndiye baba yake Nagwa?

METWALLI: Ndimi.

BIBI: Nilikuwa garini nyuma ya ukuta ule. Nikasikia mtu anapiga kelele simuni mwa Rifai, kisha kelele zilezile zinapita juu ya ukuta. Nikazifuata. Tangu nishuke kwenye treni, mji mzima unajua kila kitu, na mjukuu wangu nisingewaachia watu wa namna hiyo. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui.

Akatua kikapu juu ya meza yetu, vikombe vikayumba. Akainua uso kuelekea roshani, akaachia kigelegele kirefu mpaka madirisha yakafunguka. Wale majirani zetu wasio na simile wakaitikia, roshani baada ya roshani, mtaa mzima.

BIBI: Mwite mwanangu Nagwa ashuke, na gauni lijikunje likitaka.