Mzee Mukhisa, Koti Lake na Masikio ya Simsim

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Mzee Tonny Mukhisa aliingia kliniki yetu ya mifugo hapa Kitale mwaka wa 1994, akiwa amevaa gambuti za kakake, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu rasmi.

Mzaliwa huyu wa Malakisi alianza kwa kuogesha ng'ombe dawa ya kupe kule Saboti na Moi's Bridge. Hakuna fahali aliyemshinda. Kwa hivyo mwaka wa 2018, Mama Nyaruai, muuza mahindi, alipotuletea Simsim, mbwa mdogo aina ya pudo mwenye manyoya ya kujisokota, Mzee alifanya alichokijua: alimtia kwenye kibanio cha ng'ombe, kile kizimba cha vyuma cha kumzuia mnyama akitibiwa. Simsim alipita katikati ya vyuma bila kuinama. Tulimkamata sokoni.

Aibu hiyo ilimfunza Mzee. Aligundua kwamba nywele za pudo huota hadi ndani ya sikio, na maji yakibaki humo uchafu huoza. Tangu hapo, kila Jumamosi alikwenda kwa Mama Nyaruai, mtaa wa Milimani. Kwanza hunusa sikio, kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Hung'oa nywele chache, hutia dawa, husugua shina la sikio polepole, kisha humwacha Simsim ajikung'ute. Daktari wetu wa mifugo, Muchiri, aliwahi kusimama karibu wakati huo. Alirudi kazini na shati la madoadoa. Mwisho Mzee hupangusa kwa pamba, pale anapoona tu. Vijiti vya masikio alivipiga marufuku, na pakiti ya Mama Nyaruai aliichukua mwenyewe.

Lakini Simsim hakutaka mkono mwingine. Mwaka jana Mzee alipokwenda likizo, nilijaribu mimi, Chelagat, ninayeandika haya. Kovu la kidole ninalo. Sikio lilioza, likanuka hadi sebuleni, na nusura mbwa awe kiziwi. Ndiyo maana Mama Nyaruai aliposikia habari za kustaafu, hakuuliza keki ya kumuaga italetwa saa ngapi. Aliuliza, "Ati anaenda? Sasa haya masikio anaachia nani, bana?"

Sote tuliogopa swali hilo. Jumamosi iliyopita nilitumwa kujaribu tena, Mzee akijificha jikoni mwa Mama Nyaruai. Mvua ilikuwa imeninyeshea njiani, hivyo kabla ya kujificha Mzee aliniazima koti lake la kazi. Simsim alinguruma, akanusa mkono wa koti, akanusa tena, kisha akalaza kichwa magotini pangu na kunipa sikio. Mzee alichungulia mlangoni akifuta macho. Alisingizia vitunguu, na hakuna aliyekuwa akipika.

Mzee wetu, ahsante kwa kutufundisha subira, kwa fahali na kwa pudo. Tutakukosa sana. Tumekushonea koti jipya lenye jina lako kifuani, ukalivae Malakisi ukilisha kuku. La zamani tuachie sisi. Tunajua mkeo, Mama Nekoye, amelisubiri kwa sabuni miaka mingi, tunamwomba radhi. Nenda salama, uishi vyema na kwa muda mrefu, na tafadhali, kabla hujalikabidhi, usilifue.