Maman Berthe na Taa Iliyorudi Kabla ya Mwenyewe

Ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Molenbeek, Liège, Lille na kwingineko kuja kukaa nasi asubuhi hii, asanteni, na kabla hatujamsindikiza maman Berthe makaburini familia imempa Sylvestre, mdogo wake, kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake, naye anaomba radhi mapema kama sauti yake itapanda, kwa sababu dada yake hakuishi maisha ya kusomwa kwa kunong'ona.

Marehemu Kalenga Berthe alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 17 Mei 1962, mtoto wa pili kati ya watoto sita, babake akiwa fundi wa pampu mgodini na mamake mshonaji wa mashuka ya hospitali. Shule ya msingi aliianza Septemba 1968 kwa masista, na huko ndiko alikopata adhabu yake ya kwanza, kwani katika somo la dini alisimama akauliza katika ile safina ya Nuhu ni nani aliyekuwa akizoa mavi ya wanyama siku zote zile, na aliyazoa kwa kitu gani, na aliyatupia dirisha lipi. Sista alimpigisha magoti, lakini mtoto hakuwa anamcheka Nuhu hata kidogo, alitaka kuamini, na hakuweza kuamini safina isiyo na koleo. Alimaliza sekondari Julai 1980 kwa diploma ya serikali, akakaa nyumbani miaka miwili na nusu akimsaidia mamake kushona.

Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa katika mgodi wa shaba wa Kamwale, kwenye chumba cha taa. Kwa wasiojua, chumba cha taa ni kibanda chenye dirisha karibu na lifti ya kushukia, na kila anayeshuka anaacha pale kidude cha shaba chenye namba yake, wenyewe wanakiita jeton, anapewa taa yenye namba hiyo hiyo, na akipanda anarudisha taa na kuchukua jeton yake, hivyo mtunza taa akitazama ubao tu anajua ni nani bado yuko chini ya ardhi. Hapo dirishani ndipo alipomwona papa Florent Nday, fundi wa umeme, namba 87, wakafunga ndoa tarehe 14 Septemba 1985, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dady mwaka 1986, Emmanuella mwaka 1989 na Tatiana mwaka 1993.

Tarehe 9 Agosti 1994 maji yalivunja ukuta wa ngazi ya chini kabisa ya mgodi, na taa kumi na moja hazikurudi. Mojawapo ilikuwa ya Élisée, mdogo wetu, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu. Dada Berthe ndiye aliyempa taa asubuhi ile, akakaa kwenye dirisha siku mbili na jeton ya mdogo wake mkononi, na baada ya hapo hakuizungumzia siku ile kwa miaka kumi na sita.

Mgodi ulifungwa mwaka 1999, na tarehe 11 Oktoba 2001 familia ilishuka hapa mjini, kituo cha Gare du Midi, kwa treni ya kutoka Paris, watu watano, masanduku mawili, wakapata nyumba Molenbeek karibu na mfereji. Mwaka uliofuata maman Berthe aliingia kazini katika nyumba ya wazee ya Ixelles, upande wa kufua na kupanga mashuka, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia.

Sasa tunafika mahali ambapo yeye mwenyewe angetuambia tukae sawa. Oktoba 2006 aliona tangazo kwenye nyumba ya mtaa, kwamba Alhamisi jioni kuna atelier d'écriture, yaani darasa la uandishi, akaenda na faili lake la karatasi za uraia za commune, ofisi ya manispaa, chini ya kwapa. Mwalimu, madame Viviane, ambaye yuko nasi hapa mbele, aliwauliza wanafunzi kila mmoja ana hadithi gani, na zamu ya maman Berthe ilipofika akasema kwa upole, «Miye nilijua tutajifunza kuandika barua ya commune.» Madame Viviane akamweleza kwamba pale wanaandika filamu. Nje mvua ilikuwa inapiga, na kahawa ilikuwa bado ya moto. «Bon,» akasema maman Berthe, «nimalize hii kahawa.»

Kabla kahawa haijaisha, kijana mmoja Mtanzania, Chande, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi mwenye miaka ishirini na saba, alisimama kusoma hadithi yake ya chombo kinachosafiri miaka mia tatu kuelekea nyota nyingine, chenye bustani, bahari ndogo na bunge. Ilikuwa hadithi kubwa, darasa zima likapiga makofi. Maman Berthe akainua mkono.

«Mutoto yangu, ile mashine ya kuwaletea hewa, siku ikiziba, nani anaingia kuizibua? Na anavaa nini?»

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu Chande alikuwa akizipekua karatasi zake mia na arobaini akimtafuta mtu huyo. Yeye mwenyewe anasema alihisi kama mtu aliyejenga ghorofa na kuambiwa amesahau mlango. «Mama, sikuwahi kufikiria kwamba mle ndani kuna mtu mwenye mabuti,» alisema. Akavuta kiti akakaa karibu naye, na maman Berthe hakukosa Alhamisi hata moja tangu siku hiyo.

Kuanzia mwaka 2008 walikutana kila Jumapili baada ya misa, katika mkahawa mmoja kwenye uwanja wa Flagey, soko likiendelea nje na papa Florent akiwangojea na mfuko wa mboga, na pale ndipo ilipozaliwa «Saa ya Chini», hadithi ya mgodi ambao ngazi yake ya chini kabisa iko saa moja mbele ya dunia, kiasi kwamba kitu kinachopanda kutoka huko kinatoka kwenye saa ambayo juu bado haijafika, na siku moja lifti inapanda tupu, ndani yake kuna taa namba 214, imelowa maji, na mtunza taa anapoinua macho anamwona mwenye namba 214 bado yuko getini, anakunywa chai, hajashuka.

Wazo la ile saa lilikuwa la Chande, la taa lilikuwa la maman Berthe, na siku walipoyaunganisha mhudumu wa mkahawa aliwaomba wapunguze kelele. Maman Berthe aliweka sharti moja, akalishikilia mpaka mwisho: «Tudanganye mara moja tu. Ile saa. Bingine byote bikuwe kweli, hata kamba ya kiatu.»

Lakini Chande aliogopa kwamba watazamaji hawatakubali, akaingiza profesa anayeeleza mambo ya wakati kwa kurasa kumi na mbili, na mtunza taa akakimbia mpaka kwa rais wa nchi, na helikopta zikaja. Maman Berthe alimwachia, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Tarehe 22 Novemba 2010 barua ya tume ya filamu, ile waliyoiomba pesa, ilifika, ikisema kwa adabu kwamba hawakuamini neno hata moja, na kwamba mradi huo unaweza kurudishwa mara moja tu, baada ya hapo mlango unafungwa.

Chande alisema, «Mama, tuongeze explanation, profesa hakutosha.» Maman Berthe akasogeza kikombe pembeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita akamsimulia mtu habari za Élisée. Alimweleza jinsi alivyompa taa bila hata kumtazama, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na jinsi alivyokuwa akijiuliza kila siku angalifanya nini kama angalijua.

«Ule mwanamuke hawezi kukimbia kwa président,» akasema. «Nani atamusikiliza? Atafanya nini? Ule mwanaume akiacha jeton dirishani, ataificha. Atasema, papa, jeton yako imepotea, bila jeton haushuke, kaa pale. Basi, c'est tout. Na ule mwanaume atamukasirikia, atamutukana, na mwanamuke atanyamaza, sababu hawezi kumuambia.»

Walifuta profesa, wakafuta helikopta, wakafuta rais, na mahali pa kurasa thelathini wakaweka mwanamke mmoja dirishani, jeton imefichwa chini ya sahani ya chai, na mwanaume anayempigia kelele akitaka kushuka kazini. Waliandika upya mwaka mzima, na Emmanuella, aliyekuwa akipiga chapa, alikuwa anampigia mamake simu kazini kuuliza kama namba 214 ataipata ile jeton au hataipata.

Tarehe 18 Juni 2012 waliitwa mbele ya tume, watu saba kwenye meza ndefu. Maman Berthe alivaa kitenge chake cha kijani na viatu vya Tatiana vilivyombana. Bwana mmoja akauliza kile walichokuwa wakikiogopa, kwamba kurasa zote zile hazielezi wakati unawezaje kutangulia huko chini, na madame anaelezaje. Chande akafungua mdomo, maman Berthe akamshika mkono.

«Sijui, monsieur,» akajibu kwa Kifaransa chake kisicho na haraka. «Nilifanya kazi mgodini miaka kumi na sita, na hata lifti sikuijua inafanyaje kazi. Nilijua nani bado hajarudi.»

Kisha mama mmoja wa mwisho wa meza akaegemea mbele na kuuliza, «Na jeton, aliificha wapi?» Chande akamtazama maman Berthe, maman Berthe akamtazama Chande, wakajua wamepita, kwa sababu mtu haulizi kitu kiko wapi kama haamini kwamba kipo. Walipotoka, walicheza barabarani mbele ya kituo cha tramu, mwanamke wa miaka hamsini kavua viatu na mhandisi wa watu, na barua ya kukubaliwa ilipokuja tarehe 6 Julai, papa Florent aliisoma kwa sauti ngazini mpaka majirani wa Kimoroko wa ghorofa ya chini wakaleta chai na maandazi yao.

Filamu ilipigwa kuanzia tarehe 3 Machi hadi 17 Aprili 2014, katika ghala la zamani kando ya mfereji, hatua chache kutoka nyumbani. Maman Berthe alichukua likizo yake yote, akafika kila asubuhi kabla ya mafundi. Aliyakataa mabuti mapya, akawatembeza waigizaji kwenye madimbwi siku mbili. Alizikataa jeton zinazong'aa, akawapa Dady na Tatiana kazi ya kuzisugua kwa mchanga mpaka namba zikafifia pembeni, upande ule ambao kidole gumba hugusa. Na mwigizaji aliyecheza mtunza taa, Ornella, alipokuwa akimtabasamia kila mchimbaji, maman Berthe alimwita kando na kumwambia, «Usiangalie uso, maman. Kuna batu mia mbili kwenye foleni. Angalia namba. Uso utaiangalia akirudi.» Ornella alirudia tukio lile bila kutazama uso hata mmoja, na mshika kamera alijifuta macho kwa mkono wa shati.

Tarehe 2 Oktoba 2015 filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, pale pale Flagey, ukumbi umejaa, wazee wa Katanga mstari mmoja na wanafunzi wa filamu mstari mwingine. Lifti ilipopanda na ile taa kuonekana imelowa, ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, tuliisikia, kama shuka kubwa linalokunjuliwa, na mzee mmoja nyuma yetu akasahau kabisa kwamba yuko sinema, akapaza sauti, «Ficha jeton! Maman, ficha jeton!» Maman Berthe aliukamata mkono wa mdogo wake Sylvestre kwa nguvu hata pete ikaacha alama, akawa analia na kucheka. Na mwisho, namba 214 alipoondoka zake nyumbani na hasira, mzima, bila kujua hata siku moja alichofanyiwa, dada alisema polepole, «Amerudi.»

Baada ya hapo simu haikupumzika, waandishi vijana walimletea hadithi za maskani ya mwezini na miji ya chini ya bahari, naye akawauliza choo kiko wapi na nani anafua. Januari 2017 madaktari waligundua kuwa ana saratani ya kongosho, akapata matibabu kwa miezi kumi na minne, na alipokea kila dawa kwa maswali. Februari mwaka huu Chande alimletea hadithi mpya, ya hospitali ya mwaka 2090, naye akiwa kitandani akakuta muuguzi wa hadithi anabadilisha chupa ya dripu kwa namna ambayo haikumridhisha, basi akamwomba muuguzi wake, bibi Cécile, amfanyie polepole, tena, na tena, ili ahesabu mikono inakwenda wapi. Alimtamkia Emmanuella masahihisho ya ukurasa mmoja na nusu ayaandike, akaomba maji, akalala, na Jumamosi tarehe 3 Machi 2018, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano, akaiaga dunia, papa Florent na watoto watatu wakiwa wamemzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, na kwa namna ya pekee bibi Cécile, aliyeirudia kazi ile ile mara tano kwa ajili ya mtu ambaye hayupo na hospitali ambayo haijajengwa. Tunawashukuru wenzake wa chumba cha mashuka, majirani wa ghorofa zote nne, wanakwaya, madame Viviane, na Chande, ambaye ametuambia leo asubuhi kwamba ukurasa ule na nusu umeingia wote kwenye hadithi yake, bila kubadilishwa hata nukta.

Maman Berthe, kazi yako tumeiamini. Pumzika, dada yetu, amani ikae nawe.