Maikrofoni ya Wandoriko

Wapendwa waombolezaji, sisi familia tunamshukuru Mungu aliyetufikisha sote hapa Siongiroi salama, na tunaomba tukae kwa utulivu hadi mwisho.

Mwalimu Aron arap Tonui alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa hapa Siongiroi, akasoma shule ya msingi Sigor kuanzia 1963, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu ualimu mwaka wa 1977.

Januari 1978 alitumwa kufundisha katika mashamba ya chai ya Kericho, akakuta watoto wanakaa darasani kwa makabila, dawati hili wenyeji, lile wa kutoka ziwani, ndipo akawabunia kabila moja jipya, Wandoriko, mashujaa wa nyota ya mbali wenye mikono minne. Mzee Ojwang wa kiwandani alimtania kwamba watu kama hao wangechuma chai vizuri sana, ila meneja asisikie. Wandoriko walikuwa na sheria moja kubwa, kwamba anayekuja kumzika shujaa huweka silaha yake kifuani pa marehemu, na atakayetaja kiti cha ufalme mbele ya maiti, kiti hicho amekipoteza.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani Kabianga na Loice Chepngeno, wakabarikiwa na Kipyegon, Winny na Caren, na tangu 1986 wakamlea Kimeli, mtoto wa marehemu kaka yake, bila kumtenga kwa lolote.

Julai 1994 shule yake ilipeleka mchezo wa Wandoriko kwenye mashindano mjini Kericho, Kipyegon na Kimeli wakiwa wafalme wawili mahasimu, lakini mikuki ya mbao ilisahaulika kwenye lori, na ilipofika sehemu ya mazishi, Kimeli, kwa kukosa silaha, aliweka maikrofoni kifuani pa maiti, Kipyegon akaweka mkono wake juu ya mkono wa ndugu yake, watu wakadhani stima imepotea, kisha wakaelewa, wakapiga makofi. Mwalimu alisema hakuwahi kuandika mwisho mzuri kama ule.

Alistaafu mwaka wa 2015, na Oktoba 2025 figo zikaanza kumsumbua, lakini kilichomuumiza zaidi, sote tunajua, ni kwamba wanawe hao wawili, Kipyegon na Kimeli, wanataka kiti kimoja cha uwakilishi wa wadi, hawajaamkuana tangu Januari, na vijana wa kampeni zao wamerushiana mawe sokoni. Kila jioni alimuuliza Winny kama wameamkuana, naye Winny alijibu, kwa sauti ya chini, bado Baba. Aliaga dunia tarehe 6 Mei 2026 katika hospitali mjini Kericho, akiwa amekunja ngumi kifuani, kama shujaa wa Wandoriko aliyewekewa silaha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, jirani yetu Mama Jerusa aliyetupikia siku hizi zote, na Mzee Ojwang aliyekuja kwa miguu na fimbo yake.

Mwalimu aliomba kwamba historia hii ikiisha kusomwa, maikrofoni iwekwe juu ya jeneza, asiichukue mtu yeyote. Tangu atuambie hivyo hatujalala vizuri, na sasa Kipyegon ameketi upande huu wa hema na Kimeli upande ule, kila mmoja na vijana wake nyuma, na hatujui kama wanakumbuka mchezo ule wa Kericho.

Sasa tunaiweka. Tunaomba mikono miwili tu, mmoja kutoka kila upande.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, sisi tunangoja.