Marehemu Romwaldi Aloyce Ponera, Fundi Aliyefunika Skrini kwa Kitenge

Marehemu Romwaldi alizaliwa Matogoro tarehe 14 Machi 1985, mtoto wa pili wa mzee Aloyce na mama Aurelia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Matogoro, sekondari Songea mjini, akamalizia chuo cha ufundi Mbeya. Utotoni aliifungua cherehani ya mama yake, akaifunga tena ikashona vizuri, ila skrubu moja ilibaki, na mpaka leo haijulikani ilitoka wapi.

Mwaka 2010 alianza ufundi wa kompyuta mjini. Tarehe 22 Septemba 2012 alifunga ndoa na Beata.

Sasa hiyo kazi yake, maana wengi tuliiona bila kuielewa. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayochora picha kwenye skrini, na kadi hiyo haifanyi kitu bila programu yake, wenyewe huiita draiva. Kompyuta za shule zetu zilikuwa za zamani, kampuni iliyotengeneza kadi zake ikaacha kutoa draiva mpya, ya zamani ikagoma kwenye programu mpya, basi skrini zikabaki giza. Romwaldi aliifungua draiva ya zamani, akachunguza inavyosemezana na kadi. Lakini kunakili maandishi ya programu ya kampuni ni wizi, na hilo alilijua. Kwa hiyo yeye alichunguza tu, akamweleza mwenzake Bi Sabra wa Tunduru, naye Sabra akaandika draiva mpya bila kuona mstari hata mmoja wa kampuni. Sabra akija nyumbani, Romwaldi alikuwa akiifunika skrini kwa kitenge.

“Baba Mariana, umemficha mke mdogo humo?” Beata alimuuliza.

“Afadhali mke mdogo. Sabra akishaona hii, hawezi tena kuapa kwamba hajaiona.”

Mwaka 2023 kampuni ililalamika kuwa imeibiwa, na draiva ya Sabra na Romwaldi, waliyoiweka mtandaoni shule ziichukue bure, ikaondolewa. Mjini wakamwita mwizi. Jina hilo lilimuuma kuliko figo zilizokwisha kuanza kumsumbua. Alimwambia Beata hataki kufa nalo. Sabra akaapa mbele ya wakili kwamba hakuiona ya kampuni, programu zote mbili zikalinganishwa, hakikuonekana kilichonakiliwa. Kampuni ikaondoa malalamiko, kazi ikarudishwa.

Habari ilimkuta amelazwa. Mtani wake Nassoro, Myao, akaingia wodini akamwambia, “Kumbe hata wizi umekushinda, Mngoni.” Romwaldi alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama.

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, mchana. Ameacha mjane, Beata, watoto wawili, Mariana na Aidani, na wazazi wake wote. Shuleni skrini zinawaka. Mwili tunaulaza Matogoro, jina lake likiwa safi. Mungu ampumzishe kwa amani.