Mpira Niliokata Mwenyewe

Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele, sinia mapajani, Redio alipofika kijiweni na habari. Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa jiko langu. Kahawa nachemsha mimi, maneno wanachemsha wao. Redio anaitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Mkurugenzi hajawahi kuongoza chochote. Fundi Saa hutengeneza saa za watu na kuchelewa kila mahali. Mume wangu, baba watoto, kazi yake ni kujaza ndege mafuta, na siku hiyo alikuwa zamu ya mchana.

— Mafuta yamemwagika uwanja wa ndege, alisema Redio. Bomba limechomoka kwenye bawa.

— Kuna aliyeumia? niliuliza.

— Hilo sijalipata, shemeji.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Kule simu zinaachwa langoni. Nikarudi kwenye mawe yangu.

— Ndege imeshiba ikatapika, alisema Mkurugenzi. Mkamia maji hayanywi.

— Haitapiki, bwana, alisema Fundi Saa. Mume wa shemeji alishanieleza. Anashika kishikio chenye waya mrefu. Akikibana, mafuta yanakwenda; akikiachia, yanakatika palepale. Ndiyo sheria yao. Mtu akianguka au akikimbia, mafuta yanasimama.

— Basi leo hakuachia.

— Utabana nusu saa nzima? Mkono unakufa ganzi. Wanakifunga kwa mpira, wanapumzika. Mkono mmoja haulei mwana.

Nilitupa jiwe pembeni. Mpira huo niliukata mimi, kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, baada ya kumwona baba watoto mezani anashindwa kushika kijiko.

— Mimi nasikia mafuta ya ndege yamezoea juu, alisema Redio. Ukiyakalisha chini sana yanatafuta njia.

— Kweli kabisa, alisema Mkurugenzi. Mzoea punda hapandi farasi.

Mpangaji mpya, mama mshonaji, alikuwa amekuja kuomba makaa. Alisimama na kikaango chake, anawasikiliza.

— Cherehani yangu ya umeme nikiinua mguu inasimama, alisema. Sasa huko, kama mpira ndio umeshika, wa kuachia ni nani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Mkurugenzi alitafuta methali, akaikosa. Fundi Saa akakumbuka kuna mteja anamsubiri. Birika lilikuwa tupu na sikuongeza maji.

Baba watoto aliingia jua likizama, ananuka mafuta.

— Ni wewe uliyemwaga?

— Mwenzangu. Nilimwazima mpira. Bomba lilipochomoka aliruka pembeni, kishikio kikabaki kimebanwa. Nikakimbilia kitufe chekundu cha kwenye nguzo, cha kukata mafuta. Ni mbali, mama watoto. Sikujua ni mbali vile.

— Yuko hai?

— Yuko hai. Macho yanamwasha.

Akautoa mpira mfukoni, akauweka mezani. Alama za mkasi wangu zilikuwa bado zinaonekana.

— Kesho nashika kwa mkono.

— Mkono utakuuma.

— Acha uniume.

Nikauchukua, nikafungia mlango wa banda la kuku, nikanawa kwa sabuni mara mbili. Kisha nikapakua wali. Yeye nilimwekea kijiko upande wa kushoto, mkono wa kulia upumzike. Watoto watatu, baba yao, na mimi. Nikahesabu tena kabla ya kukaa: sahani tano, watu watano.