Mshale Ulikuwa Arobaini

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Dada Beata, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu. Baba Padre na Mchungaji, mliokubali kukaa meza moja na kugawana chupa moja ya chai. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, wa milimani tunaoringia maharage na wa ziwani mnaoringia dagaa wenu wa usipa. Na wewe, Ndugu Aidan, ambaye leo umevaa suti mpaka watu wakauliza huyu mgeni katoka wapi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mwenyekiti wa kamati amenipa dakika tano. Mimi Hyasinti nimekuwa fundi saa pale Mbinga mjini kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo dakika tano nazijua, na ninamwomba radhi mapema kwamba leo nitazipita.

Nimeitwa kukabidhi zawadi. Ile pale, iliyofunikwa kitenge, ni Honda nyekundu ya mwaka 1979, pikipiki ya kwanza ya zahanati yetu. Aidan aliiendesha kwa miaka kumi na mitatu akipeleka chanjo kutoka huku juu hadi Kihagara na Liuli, mvua ikinyesha, tope likimfika magotini, na sanduku la barafu halikuwahi kufika likiwa na maji ya uvuguvugu. Baada ya ajali ya mwaka 2001 pikipiki ikafungiwa stoo, na Aidan naye, samahani kwa kusema hivyo, akafungiwa stoo pamoja nayo. Akapewa kalamu na daftari la dawa, akakaa humo miaka ishirini na mitatu mpaka leo anapostaafu. Kamati ilipowaza zawadi ikaona imrudishie hiyo hiyo. Injini akapewa fundi mwingine, na spidomita nikaletewa mimi.

Mtaniuliza, fundi saa na pikipiki wapi na wapi? Ndugu zangu, saa za bei rahisi za betri zilipoingia, watu waliacha kutengeneza saa, na mimi nina watoto sita. Nikaanza kutengeneza spidomita za pikipiki za zamani, zile ambazo kioo chake kimekuwa cheupe kama jicho la mgonjwa, namba zimeliwa na jua, mshale umelala sifuri na haunyanyuki hata ukikimbia vipi. Unafungua ukingo wa bati polepole kwa kisu kidogo, maana ukiukunja vibaya hauna mwingine. Ndani kuna sumaku inayozungushwa na kebo ya tairi la mbele, na kuna springi nyembamba kama unywele inayouvuta mshale urudi nyuma. Springi hiyo ikiwa laini mno, mshale unakurupuka. Ikiwa ngumu mno, mshale unapanda kwa uvivu, na mpandaji anadhani anatambaa kumbe anaruka.

Naomba mlishike hilo la springi, kwa sababu ndilo lililonisimamisha hapa.

Wengi wenu mnaikumbuka ajali yenyewe. Aidan alikuwa anateremka kwenda Kihagara, nyuma amempakia Mama Luisa, muuguzi wetu, na sanduku la chanjo katikati yao. Kanuni ya zahanati ilikuwa kwamba kwenye mteremko, ukiwa na abiria, usizidi arobaini. Kwenye kona ya changarawe pikipiki ikawashinda. Aidan alichubuka. Mama Luisa alivunjika mguu, ukaunga mfupi, na mpaka leo anatembea kama mnavyomwona.

Kikao cha kumhoji Aidan kilikaa humu humu ukumbini. Waliokuwa wanalima kando ya barabara wakasema alipita kama mshale. Aidan akaulizwa, akajibu maneno matatu: mshale ulikuwa arobaini. Akaulizwa mara ya pili na ya tatu, akajibu hayo hayo. Basi wakaniita mimi, kwa kuwa mwaka mmoja kabla ya hapo ndiye niliyeitengeneza spidomita ile. Wakaniuliza kama ilikuwa nzima. Sikuomba niletewe niipime. Sikusema sijui. Nilivimba kifua mbele za watu, nikasema, "Saa niliyoifunga mimi haidanganyi."

Kikao kikaishia hapo. Wakaandika kwenye faili lake kwamba ni mzembe na ni mwongo. Uzembe mtu anaweza kuubeba, wote tumewahi kuzembea. Lakini mwongo? Mtu aliyelelewa na mama mwimbaji wa kwaya pale Liuli, anaandikwa mwongo kwa wino, kwa sababu ya kifua cha fundi saa?

Tulipotoka nje siku ile alinishika mkono. Nilidhani atanigombeza. Akaniambia, "Fundi, labda niliangalia vibaya." Tangu hapo akaishi kama mtu aliyeangalia vibaya. Kila mwaka, mwezi wa tatu, akapanda kwa miguu kutoka nyumbani kwake Kihagara hadi shamba la Mama Luisa kule Kingerikiti, kumlimia ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, maana yeye hawezi tena kusimama kwenye mteremko. Sisi Wamatengo tunajua kazi ya ngoro ilivyogawanywa: mwanamume analaza majani, mwanamke anachimba shimo. Aidan, Mnyasa wa ziwani, hakujua. Alilaza majani, akachimba na mashimo, na wake zetu wakasimama ukingoni wakicheka mpaka machozi, wakimwita wifi. Alipoelezwa kosa lake, alicheka nao, kisha akaendelea kuchimba. Amechimba miaka ishirini na mitatu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi uliopita niliifungua spidomita hii. Nilipotoa uso wake nikaona springi nyeusi, pana na ngumu kidogo kuliko inavyotakiwa, na tone la risasi nililolichomelea kwa mkono wangu. Niliitambua mara moja. Ilikuwa springi ya saa ya mezani, ile ya kengele. Mwaka ule sikuwa na springi ya pikipiki, nikasema springi ni springi, nikaifunga. Nikazungusha tairi kwa mkono, mshale ukapanda, nikafurahi. Sikupima barabarani hata hatua moja.

Nikairudisha vilevile bila kugusa kitu, nikampa Elias wa bodaboda aipime, simu yake imefungwa kwenye usukani ikionyesha mwendo. Akapanda na kushuka barabara ya lami mara tatu. Aliporudi hakuzima hata injini. Akasema, "Mzee, simu ikifika sitini, saa yako inasema arobaini."

Ndugu wageni waalikwa, springi sahihi ilikuwa mezani kwangu. Ningeibadilisha, ningefunga ukingo, na leo mngenipigia makofi, na hakuna binadamu angejua. Nilitamani kufanya hivyo, sitawaficha. Kwa siku nne nilifanya kazi nyingine zote isipokuwa hiyo. Nilisugua kioo. Nilipaka namba upya, moja moja, kwa brashi ya nywele tatu. Niliupaka mshale rangi nyekundu, nikaufuta, nikaupaka tena. Mke wangu Ephrasia akaniuliza naogopa nini ndani ya hicho kikopo.

Siku ya tano nikaenda Kingerikiti kwa Mama Luisa. Nilimweleza yote, nikilia, mtu mzima mimi. Alinisikiliza huku anachambua maharage. Nilitegemea anifukuze au anibembeleze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Usiniambie mimi. Kaseme palepale uliposemea."

Ndiyo maana nimepita dakika zangu.

Ndugu Aidan, naomba nikutazame. Siku ile hukuangalia vibaya. Uliangalia vizuri, na ulichokiona ndicho ulichokisema. Mshale ulikuwa arobaini. Ulitii kanuni, ulisema kweli mara tatu katika ukumbi huu, na mtu pekee aliyesema uongo humu ndani ni mimi. Ule mguu uliouchimbia mashimo miaka yote hii haukuwa deni lako, ulikuwa deni langu. Sikuombi unisamehe hapa, maana mtu akiombwa msamaha mbele ya mkutano hana nafasi ya kukataa. Nitakuja kwako Kihagara, na utanijibu ukiwa kwenye kiti chako. Mwezi wa tatu ukifika, jembe lile ni langu, na wake zetu wacheke wapendavyo.

Dada Beata, Mganga Mfawidhi, nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kuyatia sahihi. Springi yenyewe imo ndani ya bahasha. Nakuomba, mbele ya Mheshimiwa Diwani, uyaweke kwenye faili la Aidan leo, kabla halijafungwa, juu ya ile karatasi nyingine.

Spidomita ya leo ina springi yake halali. Safari hii tumeipima, mimi na Elias, kwenda na kurudi, mpaka petroli ikatuishia.

Limebaki jambo moja, na si langu, ni ujumbe. Kamati ilikuwa imemwandalia Mama Luisa gari la kumrudisha nyumbani, kwa sababu ya mguu. Asubuhi hii ameniita pembeni, akaniambia nilisome tangazo lake mwishoni kabisa, na nimeliandika ili nisikosee. Anasema: "Mwambieni dereva aende zake. Mimi nitarudi nyuma ya Aidan."

Nawashukuru nyote mlionivumilia mpaka hapa, na ninakushukuru wewe, Aidan, kuliko wote. Ufunguo huu hapa. Tafadhali njoo uuchukue, abiria wako ameshasimama.